Sonara Aliye Ndani ya Mwili



Mwezi huu tumepokea barua kutoka kwa ndugu yetu mmoja wa Kolandoto, katika Manispaa ya Shinyanga, nayo imetushughulisha sana hata tukayaweka kando tuliyokusudia kuyaandika. Asema kuwa mtoto wake mdogo, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi minane, aliachishwa ziwa ghafula mama yake alipopata mimba nyingine. Tangu hapo mtoto hula uji wa mahindi na ugali mpaka akashiba, lakini sasa miguu yake yote miwili imevimba, uso umejaa kama wa mtu aliyenona, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu, wala hacheki, wala hachezi. Mama mzazi wa ndugu huyu asema kuwa mtoto amebemendwa, na kwamba makosa ni ya mkwewe. Mke hulia usiku, naye aona haya kumpeleka mtoto hospitali.

Katika barua hiyo hiyo aeleza kuwa mdogo wake, aliyerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita, amemwambia yule mama mzee, ambaye ana ugonjwa wa kisukari, ati wataalamu wamethibitisha kuwa mtu afungapo mwili wake hula uchafu wake wenyewe na kujiponya. Basi Ramadhani ikiingia aviache vidonge, afunge tu. Ndugu yetu auliza: maneno haya mawili yana ukweli gani?

Kabla ya maelezo yoyote, twamwambia ndugu yetu hivi: leo hii, wala si kesho, mchukue mtoto umpeleke hospitali. Hospitali mnayo papo hapo Kolandoto. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili, akapoteza hamu ya kula na kucheza, yumo hatarini, na hatari hiyo haingoji watu wazima wamalize kugombana. Ukirudi, usome haya yaliyobaki, nawe utaona kwamba masuali yako mawili kwa hakika ni suali moja.

*Mwili hauketi kama nyumba ya mawe*

Watu wengi hudhani kwamba mwili ukiisha kujengwa umejengwa, na chakula kazi yake ni kama kuni motoni. Hata mabingwa wa zamani walifikiri karibu na hivyo. Katika miaka ya 1930, mtaalamu aitwaye Rudolf Schoenheimer, aliyehama Ujerumani mwaka 1933 na kufanya kazi mjini New York, aliwalisha panya chakula ambacho naitrojeni yake ilikuwa nzito kuliko ya kawaida, ili aweze kuifuatia popote iendapo. Alitazamia kwamba sehemu kubwa ingetoka katika mkojo. Lakini aliikuta nyingi imekwisha kuingia katika nyama na ini la panya wazima ambao hawakuongezeka hata uzito. Maana yake ni kwamba mwili ulikuwa ukibomolewa na kujengwa papo kwa papo, kila saa, hali kwa nje hauonyeshi mabadiliko.

Kinachobomolewa na kujengwa hivyo zaidi ni protini. Nyama ya mkono wako ni protini. Damu yako imejaa protini. Na vile vyombo vidogo vinavyosaga chakula na kupigana na maradhi navyo ni protini. Kila protini imetungwa kama ushanga, na punje zake ni asidi amino, ambazo aina zake ni ishirini. Katika hizo, aina tisa mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe; ni lazima ziingie kwa mdomo.

Sasa itazame hesabu hii. Mtu mzima huvunja na kujenga kiasi cha gramu 200 mpaka 300 za protini kila siku. Lakini chakula chake cha kutwa huwa na gramu 60 au 80 tu, na katika nyumba nyingi ni pungufu ya hapo. Zinazobaki zatoka wapi? Zatoka katika protini kuukuu zilizovunjwa. Mwili wetu basi ni kama duka la sonara. Sonara hanunui dhahabu mpya kwa kila pete. Huchukua bangili iliyovunjika na herini iliyopotea mwenzake, akaziyeyusha, akafua kipya. Ndugu zetu wa Geita waijua vema habari hii, kwani wao huyaosha mawe yao, kisha yale mabaki, ambayo wao huyaita marudio, hawayatupi. Huyauza yakatiwe dawa, yatoe dhahabu iliyosalia. Mwenye akili hatupi marudio, wala mwili hautupi yake.

*Karakana mbili*

Kazi hiyo hufanywa ndani ya seli, yaani zile chembe ndogo mno ambazo kwazo mwili wote umejengwa, na ndani ya kila seli mna karakana za namna mbili.

Ya kwanza huchagua kitu kimoja kimoja. Protini iliyoharibika, au iliyomaliza kazi yake, hubandikwa alama, nayo alama hiyo ni protini nyingine ndogo iitwayo ubikuitini. Iliyokwisha kubandikwa alama hupelekwa katika chombo kilicho kama pipa, kiitwacho proteasomu, ikakatwa vipande. Waliogundua namna alama hiyo inavyobandikwa ni Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose, nao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Karakana ya pili huchukua vitu kwa jumla. Mwaka 1955 Christian de Duve wa Ubelgiji alieleza habari ya vifuko vidogo vilivyojaa dawa za kusagia, vinavyoitwa lisosomu. Baadaye ikaonekana kwamba seli yaweza kuzungushia utando sehemu yake yenyewe, ikaifunga kama mtu afungavyo mzigo, na mzigo ule ukamiminwa katika lisosomu usagwe. Mwaka 1963 de Duve akakipa kitendo hicho jina la Kigiriki, otofajia, maana yake kujila. Jina hilo latisha, lakini usiogope: ni kujila kwa sonara anayeyeyusha mali yake mwenyewe, si kwa moto uunguzao nyumba.

*Nani atoaye amri?*

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa. Karakana zikifanya kazi mno, mwili utakwisha. Zikilala, uchafu utajaa, na wakati wa njaa hakutakuwa na cha kujengea. Basi ni lazima awepo mkubwa wa nyumba anayejua ghala lina nini, atoe amri ya kujenga au ya kubomoa.

Habari za mkubwa huyo zilianzia mbali sana. Mwaka 1964 msafara wa wataalamu kutoka Kanada ulichukua udongo katika kisiwa cha Rapa Nui, kilicho peke yake katika bahari ya Pasifiki. Kutokana na vijidudu vya udongo ule ilipatikana dawa iliyoitwa rapamaisini, kwa jina la kisiwa chenyewe, nayo ikatangazwa mwaka 1975. Hakuna aliyejua dawa hiyo hushika nini ndani ya seli, mpaka mwaka 1991, mjini Basel katika nchi ya Uswisi, Joseph Heitman, Rao Movva na Michael Hall walipoipata shabaha yake kwa kuchunguza hamira, hii hii ya kuumulia maandazi. Shabaha hiyo wakaiita TOR, nasi wanadamu tunayo vile vile.

TOR ndiye mkubwa wa nyumba. Hufanya kazi juu ya ule ukuta wa lisosomu, kana kwamba mwenye mali ameweka kiti chake mlangoni pa karakana. Hapo husikiliza habari mbili. Ya kwanza ni insulini, ambayo huongezeka katika damu baada ya kula. Ya pili ni asidi amino zenyewe, hasa ile iitwayo lusini. Zikiwapo zote, TOR husema: jengeni, na wabomoaji wapumzike. Zikipungua, TOR hunyamaza, na anaponyamaza karakana ya kujila hufunguliwa. Mshahara wa kazi hiyo ni asidi amino zinazotoka katika protini kuukuu. Na zikiisha kutosha, TOR huamka tena akapunguza ubomoaji, usipite kiasi.

Mzee wa Kisukuma hufanya vivyo hivyo. Mvua ikiwa njema, hulisha ng'ombe wake malisho ya kawaida na kuliacha ngitili likue nyasi. Kiangazi kikikaza, hufungua ngitili, na watu wa nyumbani hula michembe na matobolwa waliyoyakausha wakati wa viazi vingi. Lakini hafungui ngitili wakati wa masika, wala halichungi mpaka likawa udongo mtupu.

Aliyetuonyesha vyombo vya kazi hiyo ni Yoshinori Ohsumi wa Japani. Aliinyima hamira chakula, akaona kwa hadubini vifuko vikijaa ndani yake kwa muda wa saa chache. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1992, kisha akatafuta vinasaba vinavyoiongoza. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Wenzake wa huko Japani wakaonyesha mwaka 2004 jambo la kustaajabisha: mtoto wa panya azaliwapo, chakula cha kondo la nyuma kikakatika naye bado hajanyonya, seli zake hujila kwa nguvu kwa saa za kwanza za maisha yake. Wale waliozaliwa bila ya uwezo huo walikufa katika siku yao ya kwanza. Basi kabla ya tone la kwanza la maziwa, kiumbe amekwisha kuwekewa akiba ndani yake.

*Tumrudie mtoto wa Kolandoto*

Ugonjwa wa mtoto huyu una jina, nalo ni kwashakoo. Daktari wa kike, Cicely Williams, aliueleza mwaka 1933 huko Ghana, na mwaka 1935 akalitumia jina waliloliita wenyeji wa Accra kwa lugha yao ya Kiga, ambalo lahusu maradhi yanayompata mtoto anapozaliwa mwingine nyuma yake. Angalieni, ndugu, jinsi wazee wale walivyoona sawa: ugonjwa hufuata kuachishwa ziwa. Wazee wetu nao waliona hayo hayo, kwamba mtoto hudhoofika mama akipata mimba upesi, wakasema amebemendwa. Walichokiona kilikuwa kweli. Sababu waliyoitaja siyo. Mtoto hakudhurika kwa sababu wazazi wake walilala pamoja. Amedhurika kwa sababu maziwa yalikatika na hakikuja chakula cha kushika mahali pake. Basi aibu iondoke juu ya mama huyu, naye mama mkwe amshike mkono waende hospitali pamoja.

Mafundisho mengi juu ya ugonjwa huu yalipatikana hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, Hugh Trowell, Jack Davies na Rex Dean waliwachunguza watoto wa namna hii kwa miaka mingi, wakatoa kitabu mwaka 1954. Watoto wale walikuwa wakishiba ndizi, mihogo na viazi, kama huyu wetu anavyoshiba ugali. Huko huko Kampala, mwaka 1964, Roger Whitehead alipima damu ya watoto, akaona kwamba katika ugonjwa huu zile asidi amino za lazima, na miongoni mwao lusini, hupungua sana, hali nyingine ambazo mwili waweza kuzitengeneza hazipungui namna hiyo. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba lusini ndiyo habari aisikilizayo TOR. Leo twajua. Na mwaka 2016 wataalamu waliopima damu ya watoto 313 wa vijijini nchini Malawi waliona kuwa watoto waliodumaa walikuwa na upungufu wa asidi amino zote za lazima kuliko wenzao. Ujenzi umesimama kwa kukosa vitu vya kujengea.

Msomaji atauliza: kama mwili waweza kujila na kupata asidi amino, mbona mtoto huyu hakuokoka kwa njia hiyo? Suali jema. Mtoto aliyekosa chakula cha kila namna hukonda akabaki mifupa. Yeye huvunja nyama ya mikono na miguu ili kuulisha moyo na ubongo. Lakini imeonekana kwamba mtoto mwenye kuvimba hushindwa kuvunja protini zake kwa kadiri ya haja kama afanyavyo yule aliyekonda. Ini lake hujaa mafuta, na protini za damu hupungua. Wala si upungufu wa protini peke yake. Kuharisha, surua na maradhi mengine huongeza, na wataalamu wangali wakitafuta kwa nini mtoto mmoja huvimba na mwenzake hukonda katika kijiji kimoja.

Kwa hiyo twaonya jambo moja: msimshindilie mtoto huyu nyama na mayai nyumbani kwa haraka ya kumponya. Hospitalini huanzishiwa maziwa maalumu yenye protini kidogo, kwa vipimo vidogo vidogo, mchana na usiku, hali wanatibu maradhi yaliyojificha na kumkinga na baridi. Kisha hamu ya kula ikirudi ndipo chakula huongezwa. Karakana iliyofungwa siku nyingi haifunguliwi kwa kishindo.

Akiisha kupona, na kwa watoto wengine wote, kumbukeni ule mfano wa ushanga. Fundi akikosa punje ya rangi moja, hawezi kuendelea, hata kama rangi nyingine zimejaa sahani. Mahindi yana upungufu wa asidi amino iitwayo laisini. Maharage, kunde, choroko na dengu zinayo. Jamii ya kunde ina upungufu wa ile iitwayo methionini. Nafaka zinayo zaidi. Zikipikwa pamoja, moja huikamilisha nyingine. Shinyanga ni nchi ya dengu na choroko, na dagaa wa ziwa la Victoria huuzwa kila gulio. Basi ni hasara kubwa kuuza gunia zima na kumpa mtoto uji mweupe. Uji wake utiwe karanga zilizosagwa, au maziwa, au unga wa dagaa. Na mama aendelee kunyonyesha. Qur'ani Tukufu, katika sura ya Al-Baqara, imetaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha, na Shirika la Afya Duniani leo lasihi muda huo huo au zaidi. Kama mimba imekuja mapema, hilo peke yake si sababu ya kumwachisha mtoto ghafula. Mama aulize kliniki.

*Na habari ya kufunga*

Sasa tumgeukie kijana wetu wa Geita. Hatukusema ameongopa, amesikia nusu. Kweli, mtu asipokula insulini hushuka, na katika wanyama imeonekana wazi kwamba kujila kwa seli huongezeka wakati wa njaa. Lakini Ohsumi alipewa tuzo kwa sababu ya hamira, hakupewa kwa kuwapima watu waliofunga. Katika mwanadamu aliye hai, jambo hili ni gumu kulipima, na anayekwambia kwamba baada ya saa fulani seli mbaya zote zimekwisha kuliwa, asema asichokijua. Tena kujila si rafiki wa kila mtu kila wakati: seli za saratani nazo huutumia ujanja huo huo ili zistahimili njaa.

Saumu ni ibada. Haikungojea hamira ya Japani ili iwe na thamani, wala haitapungua thamani mtaalamu wa kesho akisema vingine. Tukiifanya kuwa dawa ya kisukari, tutaidhulumu dini na kumdhulumu mgonjwa. Aliyefaradhisha saumu ndiye, katika sura hiyo hiyo ya Al-Baqara, aliyempa ruhusa mgonjwa na msafiri. Kuikubali ruhusa ya Mwenyezi Mungu si udhaifu wa imani.

Basi mama yetu mzee asiache vidonge vyake hata siku moja kwa neno la mtu. Amwone daktari mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani, naye atamwambia kama yafaa afunge au asifunge, na kama yafaa, vidonge vibadilishwe saa na kipimo. Akiruhusiwa, apime sukari mchana, kupima hakufunguzi. Sukari ikishuka chini ya 70, au ikipanda juu ya 300 kwa kipimo cha miligramu, au ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.7 kwa kile kipimo kingine, afungue papo hapo. Vivyo hivyo akitetemeka, akitoka jasho la baridi, au akichanganyikiwa, asingoje magharibi.

Na wewe kijana uliye mzima, funga kwa moyo mkunjufu. Lakini daku yako isiwe chai tupu. Kula choroko au maharage, kwa kuwa ukishinda ukichimba na kubeba mawe juani, mwili wako utahitaji cha kujengea jioni.

Ndugu yetu wa Kolandoto, twangojea barua yako ya pili, utuarifu hali ya mtoto. Ukiwa umesoma mpaka hapa kabla hujaenda hospitali, lifunge gazeti sasa, umwite mama yako na mkeo, mwende.

Mwenyezi Mungu amponye, na awape watoto wetu wote siha. Amin.

Wassalaam.